O'Shanassy au Ballance: tusome maisha ya mwenye duka yupi?

Kikundi chetu cha kusoma kina utaratibu mmoja: kila mwezi mtu mmoja, maisha yake tangu kuzaliwa hadi kaburini, halafu tunakutana kubishana. Safari hii mada ilikuwa wahamiaji walioanza na duka wakaishia serikalini, na baada ya mjadala wa karibu wiki nzima tukabaki na wawili.

"Wote ni akina John," alisema Mwalimu, mkubwa wetu kwa umri. "Wote Waayalandi, wote walifungua duka, wote wakawa mawaziri wakuu wa makoloni ya Mwingereza. Sasa mwanangu, hapo nachagua nini?"

Nikamwomba anipe siku chache. Haya ndiyo niliyomwandikia, na nayaweka hapa kwa yeyote mwenye muda wa kumsoma mmoja tu.

Wa kwanza ni John O'Shanassy, muuza vitambaa wa Melbourne, Australia, aliyeongoza serikali ya koloni la Victoria mara tatu. Wa pili ni John Ballance, aliyefungua duka la vito mjini Wanganui, Nyuzilandi, akafa mwaka 1893 akiwa bado waziri mkuu. Walikuwepo waliotaka tumwingize Peter Lalor, yule aliyepoteza mkono katika ngome ya wachimba dhahabu pale Eureka, Desemba 1854. Nilikataa. Habari ya Lalor ni ya ngome na bunduki, kaunta haimo. Richard Seddon, aliyemrithi Ballance, kweli alikuwa na duka machimboni, ila huyo ni Mwingereza wa Lancashire.

Mwaka 1839

Wengi wakiwasoma pamoja huwafanya marika, na hapo ndipo wanapopotea. Mwaka 1839 O'Shanassy, kijana wa miaka ishirini na kitu kutoka kijiji cha karibu na Thurles, Tipperary, alioa, akapanda meli na mkewe Margaret, wakatia nanga Australia mwezi Novemba. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Ballance alikuwa ndiyo kwanza anazaliwa Glenavy, Antrim, kaskazini ya kisiwa. Yaani mmoja angeweza kumzaa mwenzake. Ballance alipoingia bungeni kwa mara ya kwanza, mwaka 1875, O'Shanassy alikuwa mzee mwenye cheo cha "Sir" na siku zake za uwaziri mkuu zilikuwa nyuma kwa zaidi ya miaka kumi.

Kuna mtego mwingine. Mtu akisikia "Mwayalandi aliyehama karne ya 19", akili inakimbilia njaa kuu ya viazi. Hakuna hata mmoja kati ya hawa aliyeikimbia njaa ile. O'Shanassy aliondoka miaka sita kabla viazi havijaanza kuoza. Ballance aliondoka mwaka 1857, njaa ikiwa imeshapita, na hakuelekea koloni lolote bali Birmingham, kwenye biashara ya vifaa vya chuma. Ukitaka kisa cha njaa, watafute wengine.

Kwa dini walikuwa mbali kama mashariki na magharibi. O'Shanassy alikuwa Mkatoliki wa kusini, na alibaki hivyo hadi anakata roho. Ballance alikuwa mtoto wa kwanza kati ya kumi na mmoja wa mkulima Mprotestanti, na vurugu za Wakatoliki na Waprotestanti alizozishuhudia Belfast zilimfanya aichoke dini kabisa. Nitalirudia hilo, kwa sababu kwenye suala la shule lilizaa ugomvi ambao wangekutana wasingesalimiana.

Duka lenyewe

Hapa nitakaa, maana mada ni duka.

Mimi nimelelewa nyuma ya kaunta. Mjomba wangu aliuza vitenge na majora ya khaki pale Tanga, na kazi yangu baada ya shule ilikuwa kushika ncha ya kitambaa wakati yeye anapima. Akishafika wari tatu hakati palepale. Anasogeza kitambaa mbele kidogo, upana wa vidole vinne hivi, mteja anaona, ndipo mkasi unapita. Hakuna anayesema neno. Vidole vinne vile ndivyo vilivyomrudisha mteja mwezi uliofuata, na ndivyo vilivyomfanya mjomba aitwe kwenye kila kikao cha harusi na kila suluhu ya ndoa mtaani.

Kwa hiyo tarehe mbili za O'Shanassy hazikunishangaza. Alitaka kwenda Sydney. Padri Patrick Geoghegan akamshawishi abaki Melbourne, ambako Wakatoliki walikuwa wanahitaji watu wa kusimama nao. Akajaribu shamba upande wa Western Port, shamba halikumlipa. Mwaka 1845 akarudi mjini na kufungua duka dogo la vitambaa mtaa wa Elizabeth. Mwaka 1846, mwaka mmoja tu baadaye, akachaguliwa kuingia baraza la mji. Mtu hachaguliwi haraka hivyo kwa sababu ya hotuba. Anachaguliwa kwa sababu kina mama wa mtaa wanajua anavyokata kitambaa.

Mtaa wenyewe haukuwa wa fahari. Elizabeth ulikatwa juu ya njia ya kijito, na mvua kubwa ikinyesha kijito kilikuwa kinadai njia yake: matope, maji, mikokoteni imekwama. Anayejua mitaa yetu ya bondeni wakati wa masika hahitaji picha.

Kisha mwaka 1851 dhahabu ikaonekana. Victoria ilikuwa na watu kama 77,000 mwaka huo. Miaka kumi baadaye walikuwa kama 540,000. Mchimbaji anaweza kukosa dhahabu mwaka mzima, lakini hawezi kukosa suruali. Duka likanawiri, na mwaka huohuo wa 1851 mwenye duka akaingia Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Melbourne.

Sasa tazama duka linavyokua. Wakati wa machafuko ya Eureka, O'Shanassy aliwekwa kwenye tume ya kuchunguza machimbo. Tume ikapendekeza leseni ya kila mwezi, iliyokuwa imewachosha wachimbaji na kuwafanya wawindwe na polisi kama paa, iondolewe, na mahali pake iwekwe haki ya kuchimba ya pauni 1 kwa mwaka pamoja na ushuru wa dhahabu inayotoka nje. Ukilisoma pendekezo hilo kwa jicho la dukani linajieleza: usimdai mteja kabla hajauza, mdai mzigo wake ukishapata mnunuzi. Sisemi wazo lilikuwa lake peke yake. Nasema halikuwa geni kwake.

Mwaka 1856 akawa miongoni mwa waanzilishi wa benki, Colonial Bank of Australasia, akaisimamia kama mwenyekiti kwa miaka mingi. Mwenye duka anayejua nani hulipa mwisho wa mwezi na nani hubadilisha njia akiona kibao chako, huyo yuko nusu ya safari kuelekea benki. Mwaka huohuo wapiga kura walimchagua sehemu mbili kwa mpigo, Melbourne na Kilmore, akachukua Kilmore, mji uliojaa Waayalandi wenzake. Machi 1857 akawa waziri mkuu. Serikali yake ilidumu wiki saba tu. Akarudi mwaka 1858, safari hiyo kwa mwaka mmoja na nusu, na tena kuanzia 1861 hadi 1863.

Ballance je? Kuhusu duka lake sina mengi ya kusimulia, na si kwa uvivu wangu. Lilikuwa fupi. Alifika Wanganui mwaka 1866 na mkewe Fanny, ambaye afya yake ndiyo ilikuwa sababu ya safari, akafungua duka la vito katika mji ambao bado ulikuwa unanuka baruti za vita kati ya walowezi na Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile. Fikiria mwenyewe: mkufu wa dhahabu, na mteja ni askari anayesubiri mshahara. Haukupita muda akaachana na vito, na Juni 1867 akaanzisha gazeti, Evening Herald. Hilo ndilo lililokuwa duka lake hasa. Huko Birmingham alikuwa amesoma madarasa ya jioni baada ya kazi na kuwasikiliza wanasiasa wakubwa wa mji ule, na alikuja na bidhaa moja tu iliyokuwa na soko: maoni.

Mwaka 1868 ulimpiga vibaya. Fanny alifariki akiwa bado kijana. Vita vya Titokowaru, kiongozi wa Kimaori, vikaukaribia mji, wanaume wakaamriwa kuandikishwa kwa lazima, na mhariri akakataa kuitikia amri hiyo, akakamatwa. Kisha, mtu huyohuyo akasaidia kuunda kikosi cha wapanda farasi cha kujitolea, akapewa cheo, na cheo hicho akanyang'anywa kwa sababu ya aliyoyaandika gazetini kuhusu jinsi vita vilivyoendeshwa. Kwa mpenda visa, sehemu hii peke yake inatosha kumchagua Ballance.

Ukipima kwa duka, basi, O'Shanassy anashinda bila mjadala. Kwake duka halikufungwa. Lilibadilika sura tu, likawa benki, likawa kura, likawa ardhi. Kwa Ballance duka ni kurasa mbili, halafu linakuja gazeti.

Ardhi, na neno la kuchekesha

Kwetu, hasa Kenya, skwota ni mtu asiye na hati, anayeishi kwenye ardhi anayoweza kufukuzwa kesho asubuhi. Ukianza kusoma Victoria ya miaka ya 1850 geuza neno hilo juu chini. Skwota wa kule alikuwa bwana mwenye maelfu ya kondoo, aliyejitwalia nyika kubwa kwa kodi ndogo na kukaa bungeni kuilinda. Nilisoma sura nzima nikiwahurumia maskwota kabla sijagundua kwamba ndio waliokuwa matajiri.

O'Shanassy aliingia siasa akiwapinga hao. Serikali yake ya tatu ilipitisha sheria ya ardhi ya mwaka 1862, iliyoandikwa na mwenzake Charles Gavan Duffy, Mwayalandi mwingine: ekari milioni 10 zitengwe ili mtu wa kawaida achague kipande chake kwa pauni 1 kwa ekari, sehemu alipe sasa, nyingine kidogokidogo. Ni biashara ya mkopo, mali kauli. Lakini sheria ilikuwa na matundu kama wavu wa dagaa. Maskwota walituma watu wao wakachague ardhi kwa majina yao, kisha vipande vikarudi mikononi mwa tajiri yuleyule. Mkulima mdogo akabaki anatazama.

Na hapa ndipo maisha yanapomgeukia msomaji. Wakati huo mwenye duka mwenyewe alikuwa ameanza kuwa bwana wa mifugo, na malisho makubwa kando ya mto Murray. Wapo wanaomwita msaliti kwa hilo. Mimi naona mtu aliyefuata faida mahali ilipohamia, kama alivyoifuata toka shambani hadi mtaa wa Elizabeth. Wenye ardhi ya asili, watu wa Yorta Yorta wa kando ya mto ule, hawamo kabisa katika ugomvi huo wa wakubwa na wadogo, na msomaji makini atauona ukimya huo.

Ballance kwenye ardhi alikuwa na nadharia, jambo ambalo O'Shanassy hakuwahi kujisumbua nalo. Aliamini ardhi ikipanda thamani kwa sababu ya barabara na watu, sehemu ya thamani hiyo ni ya umma. Akiwa waziri wa fedha mwaka 1878 alileta kodi ya ardhi, ikafutwa na serikali iliyofuata. Akagombana na mkubwa wake, George Grey, akajiuzulu. Mwaka 1881 akapoteza kiti kwa kura nne tu. Inasimuliwa kwamba gari la farasi lililobeba wafuasi wake saba liliharibika njiani. Mtu wa gazeti kuangushwa na gurudumu!

Akarudi mwaka 1884, akawa waziri wa ardhi na wa mambo ya Wamaori. Alipunguza askari katika maeneo yao na kwenda kukaa nao vikaoni, na sifa hiyo ni yake. Lakini ununuzi wa ardhi yao kwa ajili ya walowezi haukukoma, na serikali ya chama chake ikauendeleza kwa kasi. Mwaka 1995, Wamaori walipoikalia bustani ya Moutoa mjini Wanganui kwa siku 79, sanamu ya Ballance iliyokuwa pale ilikatwa kichwa. Atakayemchagua yeye asiruke ukurasa huo.

Kama waziri mkuu, kuanzia Januari 1891, alikuwa na miaka miwili na miezi michache. Alifanya mengi. Kodi ya ardhi na ya mapato ikachukua nafasi ya kodi ya mali. Baraza la juu la bunge lilipokuwa linakwamisha miswada yake aliomba gavana ateue wajumbe wapya kumi na wawili. Gavana akakataa, na gavana aliyefuata akakataa pia. Ballance hakupiga kelele. Aliandika London, na mwaka 1892 London ikajibu kwamba gavana afuate ushauri wa waziri wake. Kwa anayependa kujua jinsi koloni linavyojinyofoa kidogokidogo mkononi mwa mwenye nalo, barua hizo ni tamu kuliko vita. Aliunga mkono pia wanawake kupiga kura. Sheria ikapita Septemba 1893, chini ya Seddon. Ballance alikuwa ameshafariki kwa saratani ya utumbo tangu Aprili 27.

Shule

Huu ndio ugomvi niliousema. O'Shanassy aliamini serikali ikikusanya kodi kwa Mkatoliki basi isaidie na shule ya Mkatoliki. Alipigania hilo maisha yake yote na akashindwa: sheria ya Victoria ya mwaka 1872 ilifanya elimu iwe bure, ya lazima na isiyo na dini. Ballance alitaka shule za aina hiyohiyo kwa Nyuzilandi, na mwaka 1883 alianzisha mjini kwake chama cha watu wenye fikra huru, wasiofuata dini. Kwa msomaji wa kwetu, ambako shule za misheni na madrasa zimelea nusu ya darasa, mjadala wa O'Shanassy unauma zaidi. Katika kikundi chetu najua utachukua kikao kizima.

Basi yupi?

Inategemea unakuja na nini. Mwanafunzi wa siasa mwenye wiki moja achukue Ballance: maisha mafupi, mawazo yaliyo wazi, mwisho unaoeleweka. Anayetaka mtu wa kumpenda, pia Ballance. Alikuwa mpole, mcheza sataranji, na aliwaacha wengine wapate sifa. O'Shanassy si rahisi kupendwa. Alikuwa mwenye mwili mkubwa na kiburi kikubwa, akagombana hadi na Duffy, na alifariki Mei 1883 katika jumba lake la Camberwell alilolipa jina la Tara, kilima cha wafalme wa kale wa Ayalandi. Toka duka la matope hadi Tara. Jina lile analiweka mtu anayetaka jirani ajue.

Hata hivyo kura yangu ni O'Shanassy. Mada yetu ni mwenye duka aliyeingia serikalini, na kwake unaweza kuweka kidole penye kila ngazi: kitambaa, kura ya mtaa, machimbo, benki, ardhi. Kwa Ballance ngazi ya kwanza imechomolewa. Ushauri wangu ni kwamba usianze na utoto wake Tipperary. Anza mwaka 1845, siku anapofungua mlango wa duka, soma hadi 1863, kisha urudi nyuma kama muda upo. Miaka ishirini ya mwisho unaweza kuipitia kwa mkato, isipokuwa habari ya shule.

Nilimtumia Mwalimu yote haya usiku. Asubuhi nikakuta jibu lake.

"Nimekubali, tusome O'Shanassy. Ila kitenge cha mjomba wako nilikuwa nakinunua mimi mwenyewe, kwa ajili ya mama watoto, miaka na miaka. Vilikuwa vidole vitatu."